Kata

Naryn, mwezi wa pili, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Mto umeganda. Waya haujaganda.
Nyuma ya posta ya zamani, katika chumba cha mitambo,
nimekaa na koti mabegani, chai ya chumvi mkononi,
natazama maswali ya mji yakipita.

Kila afunguaye ukurasa huuliza kwanza:
jina hili linakaa wapi?
Mtambo wangu hulipokea swali, hulisukuma mbele,
hurudi na namba kabla hujapepesa jicho.
Kuuliza si ujinga, tulifundishwa.
Hatukufundishwa kwamba swali nalo lina nyayo.

Mzee Toktosun amesimama mlangoni, theluji kwenye kofia.
"Binti, mjukuu wangu anakwama.
Wamenitumia video kutoka Incheon, anaanza kutambaa.
Anainua goti,
goti linabaki hewani
mpaka chai yangu inapoa."

Najua kwa nini. Maswali yetu hutokea Frankfurt
yakiwa hayana kwao,
basi hujibiwa kama watoto wa Frankfurt,
hupewa ghala la huko, mbali,
na video ileile imelala Almaty,
nyuma ya milima hii tu.

Dawa ipo. Swichi moja.
Ukiiwasha, kila swali litabeba kipande cha anwani ya mwenyewe:
tarakimu za mbele zitakwenda, za mwisho zitakatwa.
Hatutaji nyumba, wanasema walioitengeneza.
Tunataja kata tu.

Kata tu.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ni mimi: nachota usiku na mchana,
najua nani ana kiu ya nini, na saa ngapi.
Miaka sita nimefunga mdomo.
Leo naombwa nikate namba, niitaje kata,
niseme sijasema.

Anwani mia mbili hamsini na sita.
Seoul, hizo ni ghorofa chache, mtu hupotea humo kama punje ghalani.
Hapa ni mtaa wa Kiwanda cha Sufi, wote,
na anwani nyingi zimelala hazina mtu.
Nyumba thelathini na moja.
Nazijua kwa moshi wake.

Juzi, saa nane za usiku, swali lilitoka mtaa huo:
jina la wakili wa Bishkek, wa mambo ya talaka.
Kisha jina la nyumba inayowahifadhi wanawake.
Kisha mabasi ya alfajiri.
Kisha kimya.
Sikutafuta ni nani. Mtaa mzima taa ilikuwa moja.

Kama swichi ingekuwa imewashwa,
swali lile lingeondoka limevaa mtaa wake,
likapita mikononi mwa watu nisiowajua:
huyu anaandika, yule anauza alichoandika huyu.
Na asubuhi, kwenye simu za nyumba thelathini na moja,
tangazo lenye ua jekundu: Unafikiria talaka?
Wakatazamana.
Wakaanza kuhesabu.

Lakini goti la mtoto nalo lina haki yake.
Toktosun ana miaka themanini na mbili.
Sekunde zake si za kuchezea.

Nilijaribu kukata zaidi, nikakata mtaa, nikakata mji,
nikabakiza mlima na jina la nchi.
Jibu likarudi Frankfurt, kama barua isiyo na stempu.
Nikaizima.

"Njoo asubuhi mapema," nikamwambia,
"nitaishusha video usiku, uibebe mfukoni."
"Na wengine?"
"Wengine watangoja kidogo."
"Kwa nini, binti?"

Nikafungua mdomo.
Kumweleza ni kutaja kata.

Akavaa glavu, akageuka.
"Yule jirani yangu wa dirisha la bluu,
tangu jana sioni moshi. Hajaja hapa kulalamika?"

"Sijui," nikasema,
nikamimina chai iliyopoa,
na huko chumbani maswali yakaendelea kupita,
wapi, wapi, wapi,
hakuna hata moja lililosema limetoka kwa nani.